Chanjo Iliyopata Joto

Dada,

Usifungue banda. Kuku wako watatu wamekufa, nimewazika nyuma ya choo na kuweka mawe, mbwa asifukue. Wanaosinzia nimewatenga stoo. Ukiwapelekea maji, acha ndala mlangoni, kisha nawa kwa sabuni. Usimuuzie mtu kuku wala yai.

~~Mdondo huu unaoua kuku umeletwa na bata wa jirani yetu, fundi cherehani.~~

Hapana, nimefuta. Asubuhi nilikuacha umgombeze mama wa watu kwa ajili ya bata wake, nami nimesimama pale kama gogo, na ukweli naujua.

Mwezi uliopita uliponituma nikachukue chanjo ya kuku ulinipa chupa ya chai yenye barafu, ukasema, "Haya malenga, usisimame popote." Nikasimama kwa kinyozi. Vijana wa pale walinichokoza kwa ubeti mmoja wa shairi, nikawajibu kwa kumi na mbili. Nilipoondoka, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Kiburi kikanifunga mdomo. Nikawadondoshea kuku wako machoni dawa iliyokwisha kufa, nawe ukanishukuru.

Nimekwenda kumweleza bwana mifugo ukweli wote. Kwa fundi nimeshapita, nikaungama nikiwa nje ya lango. Akasema, "Mwambie dada yako aje tunywe chai. Wewe bado."

Nenda, Dada. Ila badili viatu kwanza, bata wake ni wazima.

Mdogo wako, leo sina ubeti.