Akaunti ya Asajile

Ilomba, Jumanne jioni

Baba mdogo alinionya, siwezi kusema sikusikia. Siku ya mazishi alisema vitu vya marehemu haviuzwi kabla ukoo haujakaa na kugawana. Mimi nikaona hayo ni mambo ya makoti na viatu. Akaunti ya gemu ataigawa nani? Nikamuuzia kijana mmoja wa Kihesa, pamoja na silaha zote ambazo kaka yangu alizihangaikia miaka yote ile kwenye simu yake.

Simu yenyewe ipo Chunya, chini ya duara, shimo la dhahabu lililomfukia. Asajile walimtoa. Simu hawakuiona.

Leo mchana yule kijana kanipigia. "Dada samahani, kuna mtu bado anatumia hii akaunti?"

Nikamwambia hakuna, nywila nilibadilisha mwenyewe.

Akasema tangu juzi, kila ikifika saa kumi na moja jioni, inakuja taarifa kwamba kuna simu inaomba kuingia. Nikamuuliza simu gani. Akanisomea polepole: "Simu ya Asa. Chunya."

Saa kumi na moja ndipo Asajile alipokuwa anatoka shimoni.

Nikasema labda kuna mtu kaiokota. Ila nani angeshuka kule, na chaji je, miezi miwili sasa...

"Sasa dada, nikubali au nikatae?"

Nimemwambia akatae.

Miaka yote Asajile akichelewa kurudi nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa naamka kumfungulia mlango.