Walimzika Mama Walipoiona Picha Yangu Nikicheka

Mpendwa Mama Bertha,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, maana wa kwetu hawataki kunisikia na wa nyumbani kwangu hataki niseme. Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wako bweni, ninauza mahindi na ulezi hapa Sumbawanga mjini, mume wangu Clemens ni mwalimu, na mwaka huu wifi yangu Jenifer, ambaye ameolewa Uholanzi, alitualika tukapumzike kwake wakati wa likizo, akatukatia tiketi sisi wawili, watoto likizo hiyo wakabaki kwa ndugu wa Clemens, tukaenda tukakaa vizuri, na kurudi kwetu ndege ilikuwa inapitia Istanbul, mji wa Waturuki, na Clemens alikuwa amepanga tangu mwanzo kwamba badala ya kuunganisha jioni ileile tulale pale, tuuone mji, tuondoke kesho yake, kwa sababu alisema watu kama sisi hawapiti huko mara mbili.

Tulipotua tu, Clemens akaunganisha simu yake na intaneti ya uwanjani, akapigiwa, akasogea pembeni akaongea, akarudi akaniambia ni mambo ya shule. Simu yangu ilikuwa kwenye begi imezimwa, na nilipotaka kuiwasha akasema huko makato ni makali, tutapiga tukifika Dar, nami nikamwamini, kwani nisimwamini kwa lipi? Tukatembea mji, tukapanda meli ya kuvuka maji, tukamkuta mzee anauza mahindi ya kuchoma kwenye kitoroli, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, mtu nimetoka kwetu Ufipa kwenye mahindi yote yale naenda kununua hindi ugenini, na Clemens akanipiga picha nimelishika hindi lile mdomo wazi. Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa amelazwa sebuleni kwake Kaengesa, amefariki alfajiri ya siku hiyo.

Mama Bertha, unajua desturi yetu, msafiri haambiwi msiba akiwa njiani, anaambiwa akishafika, amekaa, ana watu wa kumshika. Aliyempigia Clemens pale uwanjani ni kaka yangu mkubwa, Romani, akamwambia, "Shemeji, mama hatunaye. Leonia usimwambie mpaka mfike, lakini pandeni ndege ya kwanza, tunamsubiri yeye tu." Clemens alilishika neno la kwanza, la pili akaliacha palepale uwanjani. Na ndege ya jioni nafasi zilikuwepo, amekiri kwa mdomo wake.

Halafu ile picha ya hindi akaiweka kwenye status yake ili walimu wenzake waone tulikofika, akasahau kwamba watoto wa kaka nao wana namba yake. Wakampelekea baba yao, na baba yao alikuwa ameshamwomba padre asogeze mazishi kwa ajili yangu. Mdogo wangu Coleta anasema Romani aliitazama, akaamini Clemens ameshaniambia na bado nimeamua kutembea, akawapa wazee nao wakaitazama, kisha akasema, "Kama ana nafasi ya kula mahindi na kucheka, basi tumpumzishe mama." Wakamzika kesho yake mchana, sisi hata ndege hatujapanda. Na sare yake ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ambayo alikuwa anatuambia kila mara tumzike nayo, ilikuwa kwangu mjini, alinipa niipeleke kwa fundi, nyumba imefungwa na funguo ninazo mimi, basi mama yangu amezikwa na sare ya kuazima.

Dar alisema tunawahi ndege nyingine, simu nisubiri kuiwasha, na mimi aliniambia tumeshashuka uwanja wa Songwe, tuko kwenye gari tumepita Tunduma, kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari: "Jikaze mama watoto, bibi ametutoka." Nikafika Kaengesa ninalia, hakuna aliyeinuka kunipokea. Romani akaniuliza mbele za watu, "Mahindi ya huko yalikuwa matamu?" Sikuelewa. Nikamtazama Clemens, yeye akasema ndege zilikuwa zimejaa, akanibana mkono, akaninong'oneza, "Nyamaza, tutaongea nyumbani." Nikanyamaza. Nyumbani ndipo akaniambia yote, tena bila haya: "Ungelia ugenini bure. Mtu ameshakufa, hata ungewahi asingefufuka."

Sasa misa ya arobaini inakaribia. Coleta ametumwa aniambie nije kama mgeni, nikae kwenye viti vya wageni, jikoni nisiingie, mkekani na ndugu zangu nisikae. Clemens anasema nikitoboa nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wakwe, na yeye ni mwenyekiti wa jumuiya, eti tuache tu, arobaini ikipita watasahau, na siku hizi ananiita mke mwema kila akitaka chai. Nikisema, ndoa yangu inavunjika, nikinyamaza, sina kwetu tena. Nifanye nini? Na je, nimsamehe?

Leonia, Sumbawanga

MAMA BERTHA ANAJIBU

Marahaba, Leonia, na pole sana ya msiba. Barua yako imenikasirisha na hasira haijaisha, kwa hiyo utanivumilia.

Tuanze na hiyo desturi, maana mumeo amejificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya pazia. Msafiri hafichwi msiba ili safari iwe tamu. Anafichwa asije akaanguka mbali na watu wake, na anayebaki na siri ndiye anayeubeba mzigo: anaharakisha safari, chakula hakimpiti kooni, na bado anakuchekea usishtuke. Mumeo alibaki na siri, akapanda meli, akapiga na picha. Muulize kama angeipanda ile meli iwapo aliyekufa angekuwa mama yake yeye. Ukishauliza, usimsaidie kujibu.

Kaka yako naye ana lake. Kumuuliza mfiwa habari za utamu wa mahindi ni ukatili, na angeweza kuuliza kwanza kabla ya kuhukumu. Ila mwelewe: alisimamisha mazishi kwa ajili yako, akaona anachezewa.

Na wewe usidhani nitakubembeleza mpaka mwisho. Siku ile ulinyamaza kwa sababu hukujua, hilo sikulaumu. Lakini tangu umejua, unanyamaza kwa faida ya nani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unazidi kujifunga nguo hiyo. Kila siku unayokaa kimya, uongo wake unakuwa wako, na siku Romani akija kujua, atakuuliza kwa nini ulikubali kuitwa mtoto asiye na uchungu na mama yake. Utamjibu nini?

Fanya hivi. Arobaini usiingoje, na siku ya misa usilete kesi, siku ile ni ya marehemu. Wiki hii mwite mshenga wenu, yule aliyekuja kwenu kukuposa. Ndiye aliyempeleka huyu bwana kwa wazazi wako, na kazi yake haikuisha siku ya harusi. Mweleze yote Clemens akiwa amekaa hapohapo. Kisha nendeni Kaengesa, na Clemens aseme mwenyewe mbele ya Romani: nilipigiwa simu, nilijua, nilimficha, picha niliipiga mimi. Wazee wakimtoza mbuzi, atoe asinung'unike. Akikataa kwenda, nenda na mshenga. Mshenga naye akisitasita, panda gari uende peke yako. Sare ya mama ichukue, umkabidhi mkononi yule mama aliyetoa yake, umshukuru. Uenyekiti wa jumuiya usikutishe, wanajumuiya wana haki ya kujua ni nani anayewaongoza rozari.

Ndoa kuvunjika? Inawezekana, sitakudanganya. Ila hutakuwa umeivunja wewe kwa kusema kilichotokea.

La mwisho, umeniuliza kama umsamehe. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ambapo Clemens amekuomba msamaha, sijapaona. Alichokuomba ni unyamaze.