Bila Saini, Hakuna Mapenzi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi! Nimetoka gereji kwa Corwin, tulikokwenda kusikiliza albamu mpya ya bendi yetu, Kinyozi Mwenye Huzuni. Wimbo wa nne unaanza kwa polka, unageuka roki, kisha rap — na katikati ni mimi. Si kodiani yangu. Mimi, nikimwigiza bosi wangu, Bi Haugen: "Bila saini, hapa hakuna mapenzi! Anayefuata!" Ndivyo anavyowafokea wachumba wanaokuja kuomba kibali cha ndoa. Nilikuwa natania tu, Tamsin akikaza ngoma zake. Kinasa kilikuwa kinaendelea. Maneno hayo wameyafanya kiitikio!

Nikamwambia Corwin afute. Akacheka. "Wee Linnea, hicho ndicho kitu pekee chenye akili kwenye albamu nzima."

Kazini niko kwenye majaribio hadi Mei. Hakuna anayejua nina bendi.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Tamsin. Ni mpole, nilidhani ataelewa. Akanisomea kanuni ya bendi, polepole, kama hakimu: kilichonaswa mara ya kwanza hakifutwi, na hakuna mwanabendi atakayedai kifutwe. "Saini ya kwanza ni yako," akasema. "Na nadhani uliiandika wewe."

Niliiandika mimi! Mwaka jana, mpiga besi wetu alipoondoka akitaka sehemu zake zote zitolewe. Nikaichapa vizuri, vifungu saba, nakala nne. Nilijivunia. Mjinga mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kesho inatoka. Ujumbe wa Corwin: albamu iliyopita ilinunuliwa na watu kumi na tisa, mmoja wao mama yake, kwa hiyo tulia. Ananifariji au ananitukana?

Nimeizima simu.

Ijumaa, 7 Machi — saa tano asubuhi

Naandika mezani, daftari chini ya fomu. Mpwa wa Bi Haugen amemtumia wimbo. Bosi ameupiga kwenye simu mbele yetu sote, mara mbili. Hakucheka. Wala hakunitambua — anaamini ni sauti yake mwenyewe! "Kuna mtu amenirekodi humu ndani," akasema. "Na nani hushinda na simu mkononi dirishani?"

Akamtazama Odell. Odell, aliyenifundisha kazi hii kuanzia muhuri! Amebakiza miezi minne astaafu.

"Bosi, simu hii hata kuipokea hunishinda," Odell akasema. Hakuna aliyecheka.

Wameingia ofisini kwa bosi. Mlango umefungwa.

Namchukia Corwin. Nawachukia wote, na gereji yao inayonuka mafuta! Wao wangefuta, Odell asingekuwa mle ndani. Lakini Corwin hayuko hapa. Hapa niko mimi, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni.

Odell anapaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Wachumba wamefika dirishani. Nimewaambia wasubiri. Nimesimama.

Nimeketi tena kabla ya kufika mlangoni. Odell amenyamaza.