Maziwa ya Alesya

Kaka Ryhor,

Sisi hatujambo. Viazi tumeshapanda, na mguu wa Mama umepata nafuu.

Umeniuliza kwa nini Mama kaninunia. Juzi nilimkuta akimnywesha binti yangu Alesya maziwa ya ng'ombe wetu, yale yaliyopimwa yakakutwa na mionzi ya kile kinu cha nyuklia kilicholipuka.

"Nimeyachemsha mara mbili," akasema. "Moto unaua kila kitu."

"Moto unaachanisha atomi na kuziunganisha upya tu, Mama. Kuni zikiungua, atomi zilezile zinabaki kwenye moshi na majivu. Mionzi hii inatoka ndani ya kiini cha atomi. Moto wa jiko haufiki huko."

"Nilikulea kwa maziwa haya haya, mwalimu we."

Nikayamwaga mbele yake. Alilia, nami nikalia.

Jumamosi watu wa serikali wanakuja kumchukua ng'ombe. Mama anaapa atalala mlangoni mwa zizi. Nitamwinua na kulifungua mwenyewe, kisha nitakaa naye hata akinitukana mpaka jioni.

Usiniandikie pole, kaka. Tuletee maziwa ya unga.

Dadako,
Taisia