Kasuku Atajibu Mwenyewe

Jumapili, 10 Mei

Leo ilikuwa Jumapili ya akina mama. Tuliambiwa tusimame, tukapigiwa makofi. Mwinjilisti akahubiri kwamba upendo wa mama ni kioo cha upendo wa Mungu. Mama humwelewa mtoto kabla mtoto hajajua kusema, akasema, na Mungu naye anatuelewa vivyo hivyo. Wenzangu wakafuta machozi. Mimi nilikuwa benchi la tatu, namtafsiria binti yangu Kasuku kwa mikono, neno kwa neno. Akawa anatikisa kichwa kukubali. Alilipenda hilo la kioo.

Ibada ilipoisha, Mwinjilisti huyo huyo akaniita pembeni, mlangoni mwa ofisi. Ni mtu mpole, hilo simnyimi. Kwa upole wake akaniambia jina la binti yangu halimo kwenye orodha ya kipaimara. Mtihani wa wazee ni wa mdomo. Kila mtoto anatakiwa asimame akiri imani yake kwa kinywa chake. Na tena, akasema, imani huingilia masikioni.

Nikamwangalia. Ametoka kuhubiri kuhusu mtoto asiyejua kusema, hata jasho halijamkauka.

Miaka kumi na minne anayo Kasuku. Hasikii tangu homa ya uti wa mgongo ilipompiga akiwa bado ananyonya. Jina hilo alipewa na baba yake, maana akianza kuongea kwa mikono hanyamazi. Darasa la kipaimara amelihudhuria mwaka mzima, mimi nikiwa kando yake natafsiri, na Mwinjilisti akituona kila Jumamosi. Leo ndiyo anakumbuka masikio.

Nilitaka kumbishia. Nikasema "haya", nikaondoka. Hilo "haya" limenikaa kooni kutwa nzima. Naliandika hapa nilitapike.

Jumatatu, 11 Mei

Kazini. Shuka za wodi mbili zimeletwa kwa mpigo, na mashine ya tatu imegoma kuzunguka. Mwaka wa kumi na moja huu nafua nguo za hospitali. Kule ndani mashine zinanguruma hata ukipiga kelele husikiki, kwa hiyo sote tunaongea kwa mikono. Vidole viwili — lete toroli. Ngumi kifuani — maji ya moto, kaa mbali. Kiganja mbele ya mdomo — msimamizi huyo anakuja. Kutwa nzima hatutoi neno, na hajatokea mtu wa kutuambia hatuna imani.

Nilimweleza Mama Pasi wakati wa chai. Yeye ndiye mpiga pasi wetu, tulianza kazi siku moja. Akaniuliza, je, Mwinjilisti akipoteza sauti kwa mafua anakuwa mpagani mpaka apone? Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Jioni nikamweleza mume wangu, yeye hakucheka. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu, na akiwa na randa mkononi hakutazami. Akasema tusigombane na kanisa, hao ndio watakaotuzika. Nikamwambia kama binti yangu si mwenzao, basi wanizike nje ya ukuta. Hapo akaacha randa.

"Basi nenda," akasema. "Ila usiende na hasira. Nenda na mtoto."

Jumatano, 13 Mei

Nimekwenda na mtoto, na hasira pia nilikwenda nayo.

Mchungaji alitupokea ofisini, Mwinjilisti ameketi kando na daftari lake la orodha. Nikaanza bila hata kuulizwa habari za nyumbani. Nikamwambia Mchungaji: mtoto wangu alikuwa na mwaka na nusu, amelala kitandani hospitalini, hasikii, haoni vizuri, shingo imekakamaa. Hakusema neno lolote. Na mimi nilijua ana kiu, nilijua taa inamuumiza, nilijua anataka nimlaze upande wa kushoto. Mimi, mwanamke wa kufua shuka. Sasa Mungu anishinde mimi au nimshinde yeye? Kama mimi namsikia huyu bila mdomo na Mungu hamsikii, mnatuhubiria Mungu gani?

Mwinjilisti akasema taratibu Mama, taratibu. Mchungaji akauliza kwa nini mtoto asiandike majibu. Kasuku alikuwa anamsoma midomo. Akanijibu mimi: shuleni naandika. Nikiomba, naomba kwa mikono. Kwa Mungu siandiki barua.

Nikaitafsiri ilivyo. Mchungaji akatabasamu. Akamwambia Mwinjilisti aliweke jina. Tarehe ishirini na tatu Kasuku atasimama mbele ya wazee, na mimi nitasimama kando yake kutafsiri.

Nilitoka mle kama mtu aliyeshinda kesi. Barabarani namweleza Kasuku, yeye anatazama mbele tu. Nikadhani amechoka.

Ijumaa, 15 Mei

Leo sijui nianzie wapi.

Tulikaa mezani baada ya shule kufanya mazoezi. Mimi nikajifanya mzee wa kanisa. Nikamuuliza kwa mikono: Mungu ni nani? Kasuku akajibu, mikono inaruka. Mimi nikatafsiri kwa sauti, nikimtazama baba yake ili anisahihishe: "Mungu ni Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi." Kasuku akapiga meza. Alikuwa ananisoma midomo.

Akaniambia: sikusema hivyo.

Nikamwambia ndilo jibu wanalolitaka wazee. Akasema basi wakuulize wewe. Akasema wewe unapamba. Kila Jumamosi unapamba, nilikuwa nakuona. Nikauma meno. Nikamwambia mimi ni mama yako, najua unachotaka kusema kabla hujasema.

Akaniambia: wewe siye Mungu.

Baba yake akauliza amesema nini. Sikumtafsiria.

Alichokuwa amesema Kasuku, alichojibu kuhusu Mungu ni nani, naandika hapa neno kwa neno maana nilijifanya sikukiona. Alisema: ni yule niliyeongea naye kwa miguu.

Sasa lazima niandike hili. Miaka kumi sijaliandika.

Kasuku alikuwa na miaka minne. Mwalimu wa chekechea aliniambia mtoto akizoea kuongea kwa mikono hatajifunza kusema kamwe. Dawa ni kuizuia mikono. Nikamwamini. Kwa wiki tatu, kila asubuhi, nilimfunga mikono kwa mkanda wa gauni langu, mbele, si kwa kukaza, nikawa namwonyesha mdomo wangu: sema ma. Sema ma. Siku moja saa sita nikafungua mkanda, na mikono ikabaki imeshikana vile vile. Mkanda uko chini, mikono haijui. Nikakaa sakafuni nikalia kama mwendawazimu. Wiki iliyofuata nikatafuta shule ya viziwi, nikaanza kujifunza alama pamoja naye.

Nilijua amesahau. Miaka minne, nani anakumbuka?

Nikamuuliza pale pale mezani: ulikuwa unaongea naye nini? Akasema: nilikuwa namwambia mikono inauma. Nilikuwa narusha vidole vya miguu chini ya meza. Yeye alikuwa anaelewa. Halafu siku moja ukafungua, ukalia. Nikajua amekutuma yeye.

Na hilo, akasema, ndilo nitakalowaambia wazee.

Jumamosi, 16 Mei

Sikwenda darasani naye. Nilisema naumwa kichwa. Kichwa hakiumi.

Wazee saba. Wengine nimewafulia shuka walipolazwa. Wiki iliyopita tu walinipigia makofi nikiwa nimesimama na akina mama. Wataijua habari ya mkanda. Na nikiwa mimi ndiye mtafsiri, naweza kuigeuza ikawa kitu kingine, hakuna atakayejua.

Hakuna isipokuwa yeye anayesoma midomo.

Jumapili, 17 Mei

Mume wangu nimemwambia. Habari ya mkanda alikuwa haijui. Wakati ule alikuwa na kazi ya ujenzi mbali, akirudi mwisho wa mwezi. Nikasubiri aniseme. Akauliza kama mkanda wenyewe bado ninao. Nikamwambia nilishauchoma. Akasema laiti ningemwita tukauchoma pamoja.

Kasuku naye hajakaa bure. Amechora ukurasa mzima wa mikono. Kila mkono chini yake kuna neno: Mungu. Mama. Kusamehe. Kuogopa. Mkate. Maji. Ndiyo. Na mengine, jumla kumi na mbili. Ameniambia nimpelekee Mchungaji. Hataki nitafsiri. Hataki mtu yeyote atafsiri. Wajifunze.

Nikamwambia mwanangu, hao ni watu wazima, wana shughuli zao, mtihani ni Jumamosi. Akanijibu: wazee ni saba. Wana mikono kumi na minne.

Kiburi hiki amekitoa wapi? Nilipomtafsiria baba yake, alinitazama mimi.

Jumanne, 19 Mei

Nimeupeleka ukurasa kabla ya kuingia zamu. Mchungaji aliutazama, akaugeuza, akautazama tena. Akauliza kama nina uhakika nataka kukaa nje bila kutafsiri. Mwinjilisti alikuwepo. Akasema hili sasa ni jambo geni, mtoto hawezi kuwapa wazee kazi ya nyumbani. Nikamwambia Mwinjilisti, wewe ulimpa yeye maswali arobaini na akayajifunza kwa lugha yako. Yeye amekupa kumi na mbili tu.

Mchungaji aliukunja ukurasa akautia mfukoni mwa shati. Hakuahidi kitu.

Alhamisi, 21 Mei

Nimemuuliza Mama Pasi angefanya nini. Nilimweleza yote, mkanda na miguu na yote. Nilidhani atanihurumia. Akasema: "Kumbe unataka mtoto akiri imani, ila asikiri habari zako."

Nikamwambia aende zake. Akaenda zake, kwenye pasi zake. Baada ya saa nzima akanirushia taulo la moto usoni, nikajua tumepatana.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Mwinjilisti alinisimamisha na wenzangu akasema sisi ni kioo. Sikutoka mahali pangu kumkatalia. Ningepaswa. Mtoto alikuwa na Mungu wake chini ya meza wakati mimi nimemfunga mikono. Kama kuna upendo wowote wa Mungu ulioonekana kwangu, ulionekana siku niliyofungua, na hata ile siku sikuufanya mimi, nilisukumwa. Mambo ya kujisifu mimi sina. Lakini kumnyima huyu mtoto kipaimara — hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Wamkatae kwa sababu nyingine wakiipata. Kwa sababu ya masikio, hapana. Na kwa sababu ya aibu yangu, hapana kabisa.

Jumamosi, 23 Mei

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa. Daftari hili nimelileta kwenye mkoba maana nikikaa mikono mitupu nitaingia mle ndani. Saa nne na robo. Kipaimara ni kesho. Gauni jeupe limeshapigwa pasi, liko kwenye kabati nyumbani. Mama Pasi amelipiga mwenyewe, hakutaka nishike.

Wenzake kumi na wawili wameshapita. Kila mmoja dakika tano. Kasuku ameingia wa mwisho. Mlango wamefunga. Kuna dirisha la kioo, naona yote ila sisikii lolote.

Amesimama mbele ya meza. Wazee saba, Mchungaji katikati, Mwinjilisti mwishoni na orodha.

Mchungaji ameinua mkono. Anafanya alama. Ameikosea, nadhani alitaka "Mungu", imetoka kama "mvua". Kasuku hacheki. Amezunguka meza, amemshika vidole, amevinyoosha. Amerudi mahali pake. Mchungaji amerudia. Sasa ni sawa.

Yule mzee mwenye fimbo naye anajaribu. Vidole vyake havikunjiki vizuri. Wengine wamekaa tu. Mwinjilisti mikono yake iko chini ya daftari.

Anajibu sasa. Anakwenda polepole, hajawahi kwenda polepole hivyo maishani mwake. Anatumia zile kumi na mbili tu. Mungu. Kuogopa. Mama.

Ameunganisha mikono yake mbele, viwiko vimebana mbavuni. Hiyo haimo kwenye ukurasa.

Amevua kiatu cha kulia. Mguu juu ya sakafu, vidole vinacheza. Wazee wote wameinama kuangalia chini ya meza. Mzee mwenye fimbo amesimama ili aone.

Dakika zinakwenda. Kasuku ameunganisha mikono tena, anaonyesha tena. Anamtazama kila mmoja usoni. Hawaelewi. Nimekaa juu ya mkono wangu wa kushoto ili nisigonge kioo.

Mwinjilisti ameinuka. Anakuja mlangoni.

Amefungua. Amesimama mbele yangu, ameliacha daftari mezani, na mikono yake ameiunganisha vile vile, viwiko mbavuni, ananiuliza: "Mama, hii maana yake nini?" Anauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Nimemwambia asubiri nimalizie sentensi. Anasubiri, mikono bado ameishikilia hivyo.

Nyuma yake Kasuku ananiangalia, mguu mmoja mtupu. Hajaniita. Hajanizuia pia.

Nafunga daftari. Nitawaambia ni mkanda, ulikuwa wa kijani, na aliyefunga ni mimi.