Zamu ya Mama Guyo Jikoni

Jumapili. Mvua imetukuta tukitoka kanisani na haijaacha. Nguo nilizoanika asubuhi zimelowa kuliko nilipozitoa kwa beseni, na sijali. Nimepata kisingizio cha kukaa ndani.

Leo nimegombana na kila mtu. Baba Mwenda kwa kuacha mlango wazi, Mwenda kwa kutafuna kwa kelele, na hata paka ametimuliwa jikoni bila kosa. Wamenitazama tu. Wananijua, wanasubiri nipoe.

Sitapoa. Nimemdanganya jirani yangu.

Wacha niseme vizuri, nisije nikajionea huruma kabla ya kumaliza.

Huku tunakokaa, nje kidogo ya mji wa Meru, ploti zimejaa watu wa kila kabila. Mlango wa pili kutoka kwangu ni Wakamba, ng'ambo ya barabara ni Waborana na Wasomali, nyuma yetu kuna Waembu wanaofanya kazi kaunti na familia moja ya Waturkana. Maji tunachota mfereji mmoja. Lakini ikifika asubuhi, watoto wanatawanyika. Hawa wanachukuliwa na basi la academy, wale wanapelekwa mjini karibu na msikiti, na shule ya serikali iliyo hapa chini, ambayo kengele yake naisikia nikiwa kitandani, ilikuwa imebaki na sisi Wameru tusio na karo ya academy.

Mwalimu mkuu mpya hakupenda hali hiyo. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu, kwa hiyo wazazi wote wanapitia kwa mashini yangu. Akaniomba niongee nao. Watoto wanaocheza pamoja jioni, kwa nini wasisome pamoja asubuhi? Mdomo ninao. Nilizunguka ploti zote nikihubiri kwamba shule ni yetu sote, na nikiwa mkweli, nilijipenda sana siku hizo.

Mama Guyo ndiye alikuwa mgumu. Ni Mborana, anauza maziwa ya ngamia karibu na stendi. Watoto wake walikuwa wameitwa majina mabaya shule nyingine, na yeye na mumewe walikuwa wameamua kuhama warudi Isiolo. Aliniuliza kama wazazi wa hapa watamtaka. Nikamwambia asiogope, mimi niko.

Aliwaleta watoto wote, kwa neno langu tu.

Sasa Ijumaa tulikuwa na mkutano wa wazazi. Mikutano yetu huanza kwa maombi na Kiswahili safi, mwalimu mkuu akiwa mbele. Mambo yakichemka, tunahamia Kimeru, na hakuna anayeona kwamba tumehama. Kwa sababu hiyo mwalimu mkuu alikuwa ameniambia nikae na Mama Guyo, nimtafsirie. Katikati ya mkutano akaitwa nje kuona wageni. Hakuwa hata amefika getini, Kimeru kikaanza.

Tulikuwa tunaongea habari ya jikoni. Chakula cha mchana cha watoto tunakipika sisi akina mama, kwa zamu, wawili wawili. Kila nyumba inaleta mahindi na maharagwe, na kila nyumba inapika. Mama Makena akasimama. Si mtu mbaya, tunaimba naye kwaya. Akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwamba hawa wageni walete tu mahindi na maharagwe, lakini sufuria ishikwe na watu tunaowajua. Hatujui wanapikaje. Mwenyekiti akauliza kama tumekubaliana. Watu wakaitikia "ii", ndiyo kwa Kimeru, wote kwa pamoja, na mkutano ukaendelea na mambo ya choo.

Mama Guyo akaniinamia, akauliza, "Wamesema nini?"

Nikamwambia wanapanga zamu za kupika.

Huo ni uongo ambao hata mahakamani ningeutetea. Si kweli walikuwa wanapanga zamu? Uso wake ukafunguka. Akaniuliza yake ni lini, nami, badala ya kunyamaza, nikasema Jumatatu, pamoja na mimi. Nilitaka tu atulie, nikifikiri nitapata njia ya kulirekebisha kabla ya Jumatatu. Njia gani, sijui. Nilidhani nitaongea na Mama Makena kwaya ikiisha. Kwaya ikaisha jana, tukaongea habari ya sare za Pasaka.

Na nikirudi jana hiyo hiyo, Mama Guyo alikuwa ananingoja mlangoni na maharagwe ndani ya leso. Alitaka nimwonyeshe githeri ya huku, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ile watoto wetu wamezoea. Anajua kupika vyake, alisema, lakini hataki mtoto wa mtu akatae chakula kwa sababu yake.

Nilimfundisha.

Nilimwonyesha kuloweka, nikamwambia magadi kidogo tu yasije yakaharibu ladha, nikamwonyesha viazi vinaingia lini. Alikuwa anauliza kila kitu, anaonja, anacheka. Akaniambia amemweleza mumewe wasihame tena, kwa sababu mahali unapopewa sufuria ya watoto wa watu, hapo umekuwa mtu wa pale. Mimi nikaendelea kumenya karoti. Mungu anione tu.

Nimesoma nilichoandika. Nimeandika "watu wakaitikia", kana kwamba nilikuwa dirishani nikichungulia. Nilikuwa ndani. Mwenyekiti akiuliza, mdomo unajibu wenyewe, tumelelewa hivyo, kwa mazishi, kwa harusi, kwa mikutano ya chifu. Nilisema ii. Nimekaa bega kwa bega na Mama Guyo, nikasema ii.

Aki, mimi ni mtu wa aina gani?

Naacha kuandika hapa. Naenda kwake kabla giza halijaingia.

Nimerudi. Viatu vimejaa matope. Niandike upesi.

Nilimkuta anapanga vikombe. Alitaka kunipa chai, nikakataa, kwa sababu ningeinywa na kurudi nyumbani bila kusema. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alichosema Mama Makena, alichouliza mwenyekiti, nilichomficha Ijumaa, na kwamba jana nilimfundisha githeri nikijua. Watoto walikuwa wanacheza chumba cha pili na Mwenda wangu alikuwa huko huko, nasikia sauti yake.

Hakulia. Afadhali angelia, au angenifukuza. Aliweka kikombe chini, akanitazama.

"Nilikusikia ukisema ii," akasema. "Nikadhani ni mimi mnanikubali."

Nikasema nisamehe, likatoka dogo sana. Akasema nisamehe ni yangu, nikae nayo kwanza. Kisha akaniambia kwamba mumewe ameshawaambia ndugu zake Isiolo kwamba hawarudi, kwa hiyo hatampelekea habari hii leo.

"Kesho nitakuja na mwiko wangu," akasema. "Anayenikataza aniambie mwenyewe, kwa Kiswahili, nikimtazama."

Nikamwuliza kama nipitie kwake asubuhi twende pamoja. Alimwita Mwenda, akamfunika na mfuko wa plastiki asilowe, akatufungulia mlango.

Sasa nimekaa hapa. Nitapitia kwake, nifunguliwe nisifunguliwe. Mwenyekiti na Mama Makena huwa wa kwanza kufika, watakuwa mlangoni pa jikoni. Nitawaambia nilikosea Ijumaa, kwamba nyumba inayoleta mahindi inapika, na kama Mama Guyo haruhusiwi kushika sufuria basi na mimi sishiki, na mwalimu mkuu atasikia ni kwa nini watoto hawajala. Mama Makena hatanisalimia kwa muda. Pengine nitapoteza wateja. Naogopa, nisidanganye tena.

Nimekuwa nikiyapanga maneno hayo kichwani tangu nilipovua viatu. Yametoka matamu, yenye heshima, hakuna wa kuyapinga. Nimeyarudia hadi mwisho ndipo nikashtuka kwamba nimeyapanga yote kwa Kimeru.

Naanza upya.