Sindano ya Kumi na Mbili

Dada yangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi tunasukuma siku. Cherehani imepona, paka wa jirani amezalia kwenye vitambaa vyangu, na Mama anakula vizuri.

Jumanne nilikwenda kwa yule tabibu wa sindano, maana mabega yamekaza kama mbao na moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa. Akanichoma sindano kumi na mbili, nyembamba kama unywele, akaziacha mwilini, akasema nitulie nusu saa. Mimi, nitulie! Macho yangu yote yalikuwa kwenye mkoba. Ufunguo ulikuwa humo. Nilikuwa nimemfungia Mama ndani asije akapotea tena.

Alipozichomoa nilihesabu kumi na moja.

"Bado moja, nyuma ya sikio."

Akacheka. "Umejuaje?"

"Mimi fundi. Mteja wangu haondoki na pini kwenye gauni."

Nikajikuta namweleza habari za Mama. Akauliza, "Mnamuuguza wangapi?"

Nikajibu, "Wawili. Mimi na dada yangu."

Sindano hazikuniuma hata moja. Jibu hilo ndilo lililoniuma. Njoo, dada, usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako,
ninayeandika nimesimama, jicho moja kwa Mama.